Pasi ya nywele zenye maji: soma wati kabla ya bei

Mfanyabiashara anayeshuka Makambako na mzigo wa vifaa vya saluni kutoka Kariakoo ana masoko mawili mbele yake kabla hata hajafungua mabegi. Akishika lami ya Songea anafika Njombe, mji wa baridi, ambako Juni na Julai mama akiosha nywele asubuhi, jioni bado ana unyevunyevu utosini. Akiendelea na barabara ya Itoni kwenda Ludewa, kisha akateremka milima ya Livingstone mpaka chini kabisa, anafika Lupingu, bandari ndogo ya Ziwa Nyasa. Huko joto ni la mwambao na maji yako mlangoni. Masoko haya hayafanani kwa chakula, kwa mavazi wala kwa mfuko wa mnunuzi, lakini yanafanana kwa jambo moja: mteja anaketi kwenye kiti cha saluni nywele zikiwa bado hazijakauka. Njombe ni kwa sababu ya baridi. Lupingu ni kwa sababu ametoka kuoga ziwani sasa hivi na ana haraka.

Katika tundu hilo ndimo ilimoingia bidhaa ambayo safu hii inataka kuizungumzia, nayo ni pasi ya nywele inayodaiwa kunyoosha nywele zenye maji bila kupita kwenye drai. Wauzaji wa jumla wanaipenda kwa kuwa ni nyepesi, haichukui nafasi kwenye basi na maneno yake ya kuuzia ni matamu. Wenye saluni ndogo wanaipenda kwa kuwa inawaahidi kuokoa umeme na muda kwa mkupuo mmoja. Maoni yetu ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo si mahali pa kuzika mtaji, na ahadi ya kuokoa umeme ndiyo dhaifu kuliko zote. Ndugu msomaji, utatuvumilia tukipiga hesabu kidogo.

Mwandishi wa safu hii hazungumzi kwa kusikia. Dada yangu mkubwa ana saluni ya viti vitatu Njombe. Msimu mmoja wa baridi alikwenda Makambako kununua vifaa, akasimamishwa na kijana mwenye duka, ambalo sitalitaja. "Dada, hii haina haja ya drai. Mteja katoka kuoga, wewe unapitisha tu, kwisha kazi." Dada akanunua tatu. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya msichana wa Kizungu mwenye matone ya maji begani, na maneno ya Kiingereza kwamba pasi inafaa nywele kavu na mbichi. Wiki hiyo hiyo alikuja binti aliyekuwa anajiandaa na kipaimara, mama yake pembeni. Pasi ilipogusa nywele ilitoa sauti ya mafuta yanayokaangiwa samaki, mvuke ukapanda, na mama akafurahi akidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Siku ya tatu nywele za upande wa kulia zikaanza kukatika zikiwa na vidoti vyeupe, kama uzi uliotafunwa na panya. Dada alirudisha fedha, akasuka binti bure ili kuficha hasara, na bado yule mama hakurudi tena, wala wadogo zake wawili ambao walikuwa wateja wa kila mwezi.

Tulipokuwa Mlimani tukisoma uhasibu wa gharama, mwalimu alikuwa akisema gharama kubwa ni ile isiyo na risiti. Tuseme kila mmoja wa wale wateja watatu alikuwa akiacha shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hizo ni shilingi 360,000. Kama pasi moja ilinunuliwa kwa shilingi 30,000, basi katika mwaka huo kichwa kimoja kilichoharibika kimekula thamani ya pasi kumi na mbili. Hakuna daftari la saluni linaloandika jambo hilo.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Nywele zilizooshwa na kufutwa kwa taulo bado zina maji. Kichwa chenye nywele ndefu na nyingi kinaweza kubaki na gramu 100, yaani kama nusu bilauri. Ili maji yaondoke lazima yageuke mvuke, na kugeuza kilo moja ya maji yaliyofika kiwango cha kuchemka kuwa mvuke kunahitaji takribani kilojuli 2,260 za joto. Nusu bilauri yetu inadai kilojuli 226. Geuza pasi uangalie kibandiko cha nyuma: nyingi ya hizi za bei ya chini zimeandikwa wati 35, 45 au 50. Wati moja ni juli moja kwa sekunde. Gawanya 226,000 kwa 45 utapata sekunde 5,022, ambazo ni dakika 84. Na hapo tumeisaidia pasi kwa kudhani kwamba joto lake lote linaingia kwenye maji, halipotei hewani wala mkononi mwa msusi. Hata ukisema maji ni nusu ya hayo, bado ni dakika 42. Hakuna msusi atakayesimama dakika 84 akipitisha pasi kichwa kimoja, kwa hiyo kinachofanyika saluni ni kitu kingine kabisa: bati linapoa kila likigusa maji, msusi anaongeza joto mpaka mwisho, anarudia fungu lile lile la nywele mara sita, mara nane. Nywele zinanyooka kwa kuunguzwa.

Kwa nini zinaunguzwa kwa ndani, akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu kando ya Ziwa Nyasa wanaweza kukueleza bila kitabu. Chungu kibichi hakipelekwi motoni. Kinaanikwa mpaka kikauke, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yakipata moto wa ghafla yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na chungu kinapasuka. Unywele nao ni hivyo hivyo. Una maji ndani yake. Ukiubana kati ya mabati mawili yenye nyuzi 200 za Selsiasi, maji yanachemka humo humo na kuacha viputo. Unywele wenye viputo unakatika ukiuchana. Madaktari wa ngozi wa Marekani waliandika jambo hili mwaka 1994: drai iliyopitisha nyuzi 175 ilitoa viputo, na koleo la kukunjia nywele lilivitoa hata kwenye nyuzi 125 likishikiliwa dakika moja. Nyuzi 125 ni chini sana ya joto ambalo pasi za mtaani zinajivunia. (Kwa faida ya wabishi: Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka mapema kidogo kuliko ya Lupingu, kwenye nyuzi 93 au 94. Tofauti hiyo haiokoi nywele za mtu.)

Wapo watakaosema: sawa, lakini drai inakula umeme, na LUKU haina huruma. Hoja hii ndiyo inayouza pasi nyingi kuliko zote, kwa hiyo tuipime. Drai ya kukaa chini yake yenye wati 1,200 ikifanya kazi nusu saa inatumia uniti 0.6. Bei ya matumizi ya kawaida iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 ilikuwa shilingi 292 kwa uniti; ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani na tozo inafika karibu shilingi 356. Kichwa kimoja basi kinakaushwa kwa umeme wa shilingi 214 hivi. Vichwa ishirini kwa wiki ni shilingi 4,280. Hiyo ndiyo fedha yote ambayo pasi ya maajabu ingeokoa kama ingefanya kile inachoahidi. Mwenye saluni anayeogopa shilingi 214 kwenye huduma anayoitoza maelfu angeanza kwa kuangalia taa anazoacha zikiwaka usiku kucha.

Muda ni hoja nzito zaidi, nami sitaipuuza. Nusu saa ya kiti kimoja Jumamosi kabla ya harusi ni fedha kweli. Lakini muda hauokolewi na wati 45, kama tulivyoona. Unaokolewa na wati nyingi. Ndiyo maana viwanda vilivyolichukua jambo hili kwa dhati vimeishia kutengeneza kitu ambacho kwa kweli ni drai yenye umbo la pasi. Mwaka 2023 kampuni ya Dyson ilitoa chombo kiitwacho Airstrait ambacho hakina mabati ya moto. Kinanyoosha kwa upepo mkali wa joto, kikiwa na wati 1,600, na kwenye nywele zenye maji joto lake linawekwa nyuzi 80, 110 au 140. Rudia ile hesabu ya nusu bilauri kwa wati 1,600: kwenye karatasi ni chini ya dakika mbili na nusu. Saluni itachukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa upepo mwingi wa moto unapotea pembeni, lakini walau chombo kina nguvu ya kufanya kazi iliyoandikwa juu yake. Bei yake Marekani kilipotoka ilikuwa dola 499.99, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa viwango vya mwaka ule, kabla ya nauli na ushuru. Ni saluni ngapi za Njombe zitarudisha fedha hiyo? Chache, na si mwaka wa kwanza.

Hapa kuna mtego mwingine kwa wale wenye ndugu ughaibuni. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Pasi nyingi ndogo zinakubali vyote viwili, lakini vyombo vyenye wati nyingi, na drai hasa, mara nyingi vimetengenezwa kwa volti za nchi moja tu. Shangazi akikutumia zawadi kutoka Houston, soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Zawadi ya dola 500 inaweza kufa kwa sekunde moja mbele ya wateja.

Kati ya hiyo ya dola 500 na zile za kusimama mlangoni kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalomhusu mnunuzi wetu: pasi za mabati zenye matundu ya kutolea mvuke. Hizi ziliingia masokoni miaka ya 2000 na baadhi ni vyombo vya heshima. Zinafaa kwa nywele zenye unyevunyevu, yaani zilizokwisha kukauka sehemu kubwa, mizizi bado ina ubaridi. Hazifai kwa nywele zinazodondosha maji, hata boksi liseme nini. Tofauti kati ya unyevunyevu na maji ndiyo biashara yenyewe, na wauzaji wengi wanaipita kana kwamba haipo.

Ukiwa dukani, basi, usianze na bei. Geuza chombo usome wati na volti. Pasi isiyoandika wati yake popote irudishe mezani. Tazama kama ina kipimo cha joto chenye namba, ambacho unaweza kukishusha hadi nyuzi 150. Pasi yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu inaamua yenyewe joto la kichwa cha mteja wako. Angalia matundu: yatoboke kweli hadi ndani ya bati, maana nimeona yaliyochorwa kwenye plastiki ya juu kama urembo. Funga pasi uielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati ya mabati, ujue nywele za katikati hazitabanwa na za pembeni zitabanwa mara mbili. Tafuta alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kwamba chombo kina kinga maradufu ya umeme, kwa kuwa mikono ya msusi ina maji siku nzima. Kisha omba kichomekwe. Muuzaji atanung'unika, mwache anung'unike. Chukua leso ya pamba, ilowanishe, ikamue vizuri, ipitishe. Mvuke ukitoka kwa utulivu kupitia matundu, endelea kuzungumza bei. Ukisikia ile sauti ya samaki wa kukaanga na mvuke ukikurudia vidoleni, shukuru na uondoke. Usijaribie kwenye nywele bandia za rasta. Nyingi ni plastiki, zitayeyuka na utalazimika kuinunua pasi.

Alama ya TBS si mapambo vilevile. Bidhaa bandia zikikamatwa na Tume ya Ushindani zinataifishwa na kuteketezwa, na anayebaki na hasara ni aliyekutwa nazo, siyo yule aliyemuuzia Kariakoo na kumpa risiti isiyosomeka.

Soko la kunyoosha nywele kwa joto litaendelea kukua, nami sina shaka. Sababu moja ni kwamba dawa za kunyooshea zimeanza kuogopwa. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Miongoni mwao 378 walipata saratani ya mji wa mimba, na waliotumia dawa za kunyoosha mara kwa mara walionekana kuipata zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia kabisa. Utafiti ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo kisababishi, lakini mteja hasubiri uthibitisho. Hapa nchini usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa TBS mwaka 2019. Mama anayeacha dawa bado anataka nywele zilale siku ya harusi, na pasi ndiyo kimbilio lake. Kwa hiyo fedha ipo. Swali ni nani ataipata, na kwa muda gani.

Hapo ndipo Njombe na Lupingu zinapoachana, na mfanyabiashara anayepeleka mzigo ule ule kote kuwili anakosea. Njombe inahitaji drai kwanza, pasi baadaye. Kwa baridi ile, hewa yenyewe haitakusaidia kukausha kitu. Mwenye saluni akiwa na mtaji wa chombo kimoja tu, anunue drai nzuri, na pasi ya kawaida yenye kipimo cha joto itafuata ikiwa na kazi nyepesi. Muuzaji wa jumla wa Makambako aliye na akili angeuza viwili hivyo kwa pamoja na kupunguza bei kidogo.

Lupingu ni hesabu nyingine. Mwenye saluni anayetegemea sola na inveta ndogo hawezi kuwasha drai ya wati 1,200. Betri itazimika kabla kichwa hakijafika nusu. Pasi ya wati 45 inawaka bila shida, na ndiyo maana mtu wa mwambao anashawishika haraka kuliko mtu wa Njombe. Lakini Lupingu ina kitu ambacho Njombe haina: jua na upepo wa ziwa, bure. Wanaoanika usipa wanajua kwamba jua lile halichelewi. Msusi wa huko anayempangia mteja aoshe mapema, afunge taulo, aketi upepofuni wakati mwingine anahudumiwa, atapata nywele kavu bila kugusa betri. Pasi yake iwe ya kawaida, ya joto la kupangwa, nyuzi 150 hadi 190, basi. Na amwambie mteja ukweli mwingine ambao muuzaji hausemi: kinyoosho cha joto kinadumu mpaka unywele ukutane tena na maji. Anayeoga ziwani jioni atarudi na kipilipili chake kama alivyozaliwa. Huyo muuzie kofia ya plastiki ya kuogea, ina faida kuliko pasi ukizingatia mtaji uliowekwa.

Najua jibu la mwenye duka: bidhaa inauzika, yatakayotokea saluni si yangu. Kariakoo labda. Kule mnunuzi hakujui jina na kesho atakuja mwingine. Mzigo wa Lupingu umesafiri kutoka Makambako hadi Njombe, Njombe hadi Ludewa, na kupita mteremko wa kuelekea ziwani ambao dereva hautanii. Nauli ile unailipa ukitumaini kuuza mara ya pili na ya tatu kwa watu wale wale. Kijiji ambacho kila mtu anafahamu nyumba ya mama yako hakikupi nafasi ya kuuza pasi mbovu mara mbili.

Dada yangu sasa ana drai mbili na pasi moja aliyoijaribu kwa leso mbele ya muuzaji. Katika zile tatu za kwanza, moja iliungua waya, ya pili alimpa fundi avunje apate vipuri. Ya tatu ipo nyumbani, anaitumia kunyooshea kola za sare za shule za watoto. Anasema kwa kazi hiyo haina mpinzani, ila kola ziwe kavu.